Askari aliyebaki bila mguu: nani atapanua mlango wa nyumba yake?

Kila wiki redio zetu za Beni na Butembo zinatangaza habari za vita. Tunasema jeshi limechukua tena kijiji fulani, adui amekimbia msituni, upande wa jeshi kuna wafu na majeruhi. Wafu tunawasikia tena siku ya maziko. Majeruhi hatuwasikii tena. Neno hilo linapita katika habari sekunde mbili, halafu tunaingia kwa matangazo ya biashara.

Lakini majeruhi yeye hajapita. Yuko hapa. Yuko kambini, yuko katika chumba cha kupanga huko Bungulu ao Mulekera, yuko kwa mkwe wake Butembo. Mwingine unamuona barabarani na magongo mawili, suruali imekunjwa na kufungwa kwa pini mahali ambapo mguu ulikuwa. Siku ya sikukuu ya jeshi anaitwa shujaa. Siku zingine anaitwa kilema.

Leo tunauliza swali moja ambalo halisikiki sana: baada ya kidonda kupona, huyu mtu anaingiaje nyumbani kwake, anafikaje chooni, na anatokaje kwenda kutafuta chakula cha watoto? Katika nchi zingine serkali inatoa pesa kwa ajili ya mambo hayo: kurekebisha nyumba, kurekebisha gari. Je, kwetu huku jambo hilo linaweza kuwa na sura gani?

Vita viwili, majeruhi mara mbili

Tukumbushane kidogo. Operesheni Sokola 1 dhidi ya ADF ilianza Januari 2014. Mauaji makubwa ya raia katika eneo la Beni yakaanza Oktoba mwaka huo huo. Tarehe 6 Mei 2021 serkali iliweka Kivu ya Kaskazini na Ituri chini ya utawala wa kijeshi. Tarehe 30 Novemba 2021 jeshi la Uganda likaingia, na operesheni ya pamoja ikapewa jina la Shujaa. Kwa hiyo ni zaidi ya miaka 10 ambayo askari wanaingia katika misitu ya Beni, na ADF wanafukia njiani mabomu ya kutengenezwa kwa mikono. Bomu la aina hiyo mara nyingi haliui. Linakata miguu.

Upande wa kusini, vita ya M23 ilifika Kanyabayonga mwishoni mwa Juni 2024, ikapanda katika eneo la Lubero. Tarehe 27 Januari 2025 mji wa Goma ukaanguka. Serkali ya jimbo ikahamia Beni, na ndiyo maana leo Beni ni makao ya jimbo kwa muda.

Goma kuanguka kuna matokeo moja ambayo watu wengi hawakuyafikiria. Kwa miaka mingi, mtu wa Kivu ya Kaskazini mwenye kukatwa mguu alikuwa na njia moja inayojulikana: hospitali ya CBCA Ndosho, ambako waganga wa Msalaba Mwekundu wa Kimataifa walikuwa wanapasua majeruhi wa vita, halafu kituo cha Shirika la Umoja, ambako wanatengeneza miguu ya bandia. Vyote viwili viko Goma. Raia wa Butembo leo anaweza kujaribu kuzunguka kupitia Kasindi na Uganda, kama ana pesa ya safari. Askari wa FARDC hawezi. Kwake, mahali pa kutengeneza mguu pako ngambo ya mstari wa mapigano.

Na mguu wa bandia si kitu cha kupewa mara moja tu. Miezi ya kwanza kigutu kinapungua, kwa hiyo mguu uliopimwa mwanzoni unaanza kucheza na kuumiza. Unapaswa kupimwa tena. Baadaye, kwa mtu mzima, mguu unabadilishwa kila miaka 3 hadi 5 hivi, juu unachakaa. Askari ambaye alipata mguu wake Goma mwaka 2021 ao 2022, wakati wa kuubadilisha umefika. Atakwenda wapi?

Sheria inasema nini

Tusiseme kwamba nchi yetu haina sheria. Zipo. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 49, inasema wazee na watu wenye ulemavu wana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee, kulingana na mahitaji yao ya mwili, ya akili na ya roho. Mwaka 2015 Kongo iliingia katika mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu. Tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria nambari 22/003 inayolinda haki za watu hao, na ndani yake kuna jambo la kufikia majengo, usafiri, masomo na kazi bila kuzuiwa.

Upande wa jeshi, kuna sheria nambari 13/005 ya tarehe 15 Januari 2013, inayopanga maisha ya askari: cheo, mshahara, matunzo, na kustaafu. Na wizara yenyewe inaitwa Wizara ya Ulinzi wa Taifa na Askari wa Zamani. Jina la askari wa zamani limeandikwa mpaka kwenye mlango wa ofisi.

Shida ni kwamba sheria hizi mbili hazikutani. Sheria ya walemavu inamuona mlemavu, haioni kwamba alipata ulemavu akitumikia nchi. Sheria ya jeshi inamuona askari, inahesabu mshahara wake na pensheni yake, haioni ngazi ya mlango wake. Kuna pia mfuko wa FONAREV, ulioanzishwa kwa sheria ya Desemba 2022. Huo ni kwa wahanga wa ubakaji wa vita na wa makosa makubwa dhidi ya binadamu. Mama aliyekatwa mkono na ADF shambani kwake Oicha anaweza kugonga pale. Askari aliyelipuliwa akienda kumuokoa huyo mama, mfuko huo haukuundwa kwa ajili yake.

Ndiyo namna askari mlemavu anabaki katikati. Aliye mzima ana bunduki na mshahara. Aliyekufa ana bendera juu ya sanduku. Huyu wa katikati ana karatasi ya daktari.

Wengine walifanyaje

Marekani walianza mapema. Mwaka 1946, vita kuu ya pili ikiwa imemalizika mwaka moja tu, sheria iliwapa askari waliokatwa miguu dola 1,600 kila mtu kwa ajili ya kununua gari. Mwaka 1948 ikafuata sheria ya nyumba, kwanza kwa wale waliopooza. Mpaka leo ruzuku hizo zipo. Ile ya nyumba imepita dola 100,000, ile ya gari imepita dola 25,000, tena vifaa vya kuendesha gari kwa mikono vinahesabiwa pembeni.

Najua unachosema moyoni: Marekani ni Marekani. Ni kweli. Hakuna mtu mwenye akili atakayeomba dola 100,000 kwa serkali ambayo barabara ya kwenda shambani inaishinda. Lakini tuangalie namna walivyofikiri, si kiasi cha pesa. Mambo mawili yanatufaa.

La kwanza, kule hiyo pesa ni haki. Askari anatimiza masharti, anaweka faili, anapewa. Hamshukuru mheshimiwa yeyote.

La pili, waliona kwamba si kila askari ana nyumba yake. Kwa hiyo kuna ruzuku ndogo zaidi kwa yule anayeishi kwa muda katika nyumba ya ndugu yake. Nyumba ya mzazi ao ya shemeji inarekebishwa ili aweze kuishi humo.

Karibu yetu, Uganda ina kituo chake Mubende kwa ajili ya askari waliopata ulemavu vitani. Jeshi tunalopigana nalo pamoja katika Shujaa lina mahali pa kuwapeleka watu wake. Hilo si mbali kama Marekani. Kutoka Kasindi unaweza kufika Mubende kwa basi.

Nyumba ambayo si yake

Sasa turudi kwetu. Tuchukue mfano. Simzungumzii mtu fulani, lakini kila mtu wa Beni ao Butembo atamtambua. Tumuite Kaporali. Alizaliwa mbali, pengine Kasai ao Bandundu. Alikuja na kikosi chake, akaoa hapa, ana watoto wanne. Bomu lilimkata mguu wa kushoto juu ya goti.

Kaporali hana nyumba. Anapanga vyumba viwili. Mlango wa nje una ngazi mbili juu ya mvua ya kwetu, maana nyumba ya udongo bila msingi wa kupanda maji yanaingia. Mlango wa chumbani ni mwembamba. Choo kiko nyuma, chini kabisa ya parsele, na ni shimo la kuchutama. Maji yanachotwa mbali.

Kwa mtu mzima, hayo yote ni maisha ya kawaida. Kwa Kaporali kila moja ni ukuta. Kuchutama kwa mguu moja hawezi, kwa hiyo mke wake anamshikilia, ao anatumia ndoo ndani ya chumba ambamo watoto wanalala. Wakati wa mvua magongo yanateleza kwenye udongo. Kama ana kiti cha magurudumu, kiti kinabaki nje. Kinahitaji mlango wa karibu sentimita 80, na ngazi haipandi.

Mafundi wanaojenga kwa ajili ya walemavu wana hesabu moja rahisi: kwa kila sentimita 1 ya kupanda, njia ya mteremko iwe na urefu wa sentimita 12. Ngazi ya sentimita 30 inataka mteremko wa mita 3 na nusu hivi. Hiyo ni mbao chache na misumari. Kiti cha choo ni kazi ya nusu siku kwa seremala: kiti chenye tundu katikati, miguu minne imara, na mti wa kushikilia kila upande. Kupanua mlango wa nyumba ya udongo ni kazi ya siku moja ao mbili.

Lakini nani atalipa kazi ya kupanua mlango wa nyumba ya mtu mwingine? Mwenye nyumba anaweza kukataa. Anaweza kukubali, halafu mwezi ujao akamtoa Kaporali na kumuweka mpangaji wa pesa nyingi zaidi. Kama anaishi kambini, siku ile anaondoka jeshini anaondoka pia nyumbani. Ni rahisi kuelewa kwa nini askari mwenye mguu moja anang'ang'ania orodha ya jeshi. Machi 2025 Rais Tshisekedi aliamuru mishahara ya askari iongezwe mara mbili. Sawa, ni jambo zuri, lakini hiyo nyongeza inamfaa yule ambaye bado anahesabiwa kama askari.

Kwa hiyo, msaada wa nyumba kwetu huku ungepaswa kuwa kitu cha kubebeka: mteremko wa mbao unaoweza kuhamishwa, kiti cha choo kinachoweza kuhamishwa, na mkataba wa kupanga unaosainiwa mbele ya kiongozi wa kartie kwamba askari mlemavu hatatolewa kabla ya muda fulani. Ni vitu vidogo. Lakini ndivyo vinampa mtu mzima uwezo wa kwenda chooni peke yake.

Gari letu ni pikipiki

Upande wa usafiri pia tuseme ukweli. Hapa ruzuku ya gari haina maana kwa watu wengi. Gari letu ni pikipiki, na kwa mlemavu ni ile kinga ya magurudumu matatu inayosukumwa kwa mikono.

Kinga hiyo inasaidia sana Beni, ambako sehemu nyingi ni tambarare. Butembo ni jambo lingine. Mji umejengwa juu ya vilima, zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na ukitoka barabara kubwa unashuka bondeni ao unapanda mlima. Mikono ya mtu haiwezi kupandisha kinga pale. Kwa hiyo anatafutwa mtoto wa kusukuma. Mtoto wa miaka 10 anasukuma baba yake asubuhi kwenda sokoni, anamsukuma tena jioni. Shule anaifikia saa ngapi? Hapo ulemavu wa moja umekuwa wa wawili.

Na pikipiki inaweza kurekebishwa. Wenye kuendesha wanajua: mkono wa kushoto unashika ambreaji, mguu wa kushoto unabadili vitesi, mkono wa kuume unashika freni ya mbele, mguu wa kuume unashika freni ya nyuma. Aliyepoteza mguu wa kushoto anahitaji chuma cha kubadili vitesi kwa mkono. Aliyepoteza wa kuume anahitaji freni ya nyuma ipandishwe juu. Wote wawili wanahitaji magurudumu mawili nyuma ili wasianguke wakisimama. Mafundi wetu wa kuchomea vyuma wanatengeneza milango, vitanda na rimoki kila siku. Kazi hii haiwashindi. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaagiza na kuwalipa.

Nchi hii ina mfano wake. Kinshasa, pale Beach Ngobila, walemavu walipewa tangu wakati wa Mobutu nafuu ya ushuru katika biashara ya kuvuka mto kwenda Brazzaville. Kinga zao zikageuka magari ya mizigo, na familia nyingi zikaishi kwa hiyo. Goma pia, kwenye mpaka wa Gisenyi, tuliwaona wakivusha mizigo kwa kinga. Kasindi nayo ina mpaka mkubwa. Askari aliyekatwa mguu, akiwa na pikipiki ya magurudumu matatu na nafuu kidogo ya ushuru, hataomba makuta barabarani. Atafanya biashara.

Zawadi ao haki?

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Mara kwa mara tunaona sherehe: mheshimiwa amefika, kinga kumi zimepangwa kwa mstari, kamera ziko tayari, walemavu wanapiga makofi. Sisi waandishi tunakwenda, tunapiga picha, tunatangaza. Mimi mwenyewe nimetangaza habari za namna hiyo mara nyingi. Sikumbuki kama niliwahi kurudi baada ya miezi sita kuuliza mnyororo ulipokatika nani aliutengeneza.

Simlaumu mwenye kutoa. Kinga ni bora kuliko kukosa. Lakini zawadi ina shida tatu. Inamfikia yule anayejulikana, si yule mwenye shida zaidi. Inakuja mara moja, bila pesa ya kutengeneza. Na inamfanya askari awe mwenye kuomba mbele ya mtu ambaye yeye alimlinda.

Wazee wa zamani walipitia hayo. Juni 2022, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvisha medali Kaporali Albert Kunyuku kule Kinshasa, mzee wa miaka 100 aliyetumikia jeshi la wakoloni katika vita kuu ya pili. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini tujiulize wenzake wangapi walikufa kabla ya mtu yeyote kukumbuka njia ya nyumbani kwao.

Na Wazalendo?

Hatuwezi kufunga habari hii bila kuwataja. Kule Lubero vijana wengi wanapigana kama Wazalendo. Mwaka 2023 sheria iliunda jeshi la akiba ili watu wa namna hiyo wapate mahali pao. Lakini kijana akilipuka kabla ya kuandikwa, hana matrikule. Hospitali ya jeshi inamuona ni raia. Walemavu wa kiraia wanamuona ni mtu wa bunduki. Anarudi kwa mama yake kijijini, na mama ndiye anakuwa wizara, mfuko na hospitali.

Kijana mwenye miaka 22, bila mguu, bila kazi, akiwa na hasira na marafiki wenye silaha: kila mtu anayeishi hapa anajua hiyo hadithi inaweza kuelekea wapi. Kumsaidia si huruma tu, ni jambo la usalama wetu sote.

Kinachoweza kuanza hapa hapa

Kinshasa ni mbali, na faili inachukua muda. Lakini serkali ya jimbo sasa iko Beni, hatua chache kutoka kwa watu tunaowazungumzia. Kuna mambo manne yasiyohitaji kungoja.

Moja, kuandika orodha ya askari na Wazalendo waliopata ulemavu, mtu kwa mtu, pamoja na mahali anapolala na kitu anachokosa: mlango, choo, mguu ao kinga. Orodha hiyo isomwe hadharani, ili jina lisiingizwe wala kutolewa usiku.

Mbili, kuweka mahali pa kutengeneza miguu ya bandia upande huu, Beni ao Butembo, kwa askari na kwa raia pamoja. Waliokatwa na ADF wanahitaji miguu ile ile.

Tatu, kuwapa kazi mafundi wetu. Miteremko, viti vya choo na kinga zitengenezwe hapa, na fundi apewe pia mkataba wa kuzitengeneza zikiharibika.

Ine, kusimamia barabara na majengo mapya. Mradi wa barabara pamoja na Uganda unahesabu kilomita 80 kutoka Kasindi mpaka Beni na 54 kutoka Beni mpaka Butembo. Wakati wa kujenga ndio wakati wa kufikiria pia mtu wa magongo anavukaje mtaro. Baada ya saruji kukauka itakuwa bei nyingine.

Ndugu msomaji, jioni ya leo utaingia kwako bila kuutazama mlango. Utapanda ngazi bila kuzihesabu. Jirani na wewe pengine kuna mtu anayezihesabu kila siku. Ukimjua, pita kwake umuulize ni kitu gani kimoja kinamzuia zaidi, halafu utuletee jibu hapa redioni. Tutalisoma hewani, na tutawauliza wanaohusika siku gani watakwenda kuona ule mlango.